Kompyuta za Afisi Yetu: Tubaki Tulipo au Tuhame?

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa neno ambalo kwa sura yake laonekana dogo, nalo ni hili: kompyuta tatu za afisi ya Chama chetu ziendelee na mfumo zilizo nao sasa, yaani Windows 10, au zihamishiwe mfumo mwengine? Baadhi ya matawi yametuandikia kuuliza kwa nini wakati wa mkutano utumike kwa jambo la mafundi, ilhali yapo ya miche, ya majamvi na ya malipo ya wachumaji yanayongoja. Swali hilo ni la haki, na mwenye kuuliza kwa haki yatupasa tumjibu. Rai yetu ni kuwa jambo hili si la mafundi peke yao. Ni la kila mwenye jina lake katika daftari la Chama, na ndiyo maana twaona ni kheri mlijue vyema kabla hamjanyanyua mikono.

Kwanza tuliweke wazi neno lenyewe, kwani si kila mmoja wetu amekaa mbele ya kompyuta. Mashine hii ina chuma kinachoonekana, na ina maagizo yaliyomo ndani yasiyoonekana. Mfumo endeshi ni yale maagizo ya msingi yanayoiamsha mashine, yanayoifanya ifungue daftari la hesabu, itume barua na ichapishe risiti. Tukitafuta mfano wake kwetu, ni kama msimamizi wa shamba. Yeye hachumi, lakini ndiye agawaye kazi, ndiye ajuaye nani aingie shamba lipi, na ndiye mwenye ufunguo wa ghala. Msimamizi akiwa macho, kazi huenda. Akilala, ghala huwa wazi hata kama mlango umerudishwa.

Windows 10 ilitolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani tarehe 29 Julai 2015. Tangu siku hiyo kampuni ilikuwa na desturi ya kutoa viraka kila mwezi, siku ya Jumanne ya pili. Twasema viraka kwa sababu kazi yake ni ile ile ya kiraka cha nguo: mfumo wowote ulioandikwa na binadamu huwa na matundu, matundu hayo hugunduliwa mmoja baada ya mwengine, na kila likigunduliwa huzibwa. Kazi hiyo ya kuziba bila ya malipo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wala si jambo geni. Windows XP iliyotolewa mwaka 2001 iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 iliyotolewa mwaka 2009 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Kila mfumo una umri wake, kama vile kila mkarafuu una umri wake.

Hapa twataka ifahamike kilichokoma na kisichokoma. Mashine hazikuzimika. Karani akibonyeza kitufe asubuhi, taa huwaka na hesabu hufunguka kama kawaida, na ndiyo sababu wengi huona hapana lililobadilika. Lililokoma ni ulinzi. Tundu litakalogunduliwa leo katika Windows 10 halina wa kuliziba, isipokuwa kwa wale walioamua kulipia, nasi tutalieleza hilo mbele. Tena liko jambo la kutia hadhari zaidi. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mjengo ule ule wa Windows 10. Basi kila kampuni inapoziba tundu katika ule mpya, watu wabaya hukichunguza kile kiraka na kujua pale palipokuwa na upenyo, kisha huenda kuujaribu upenyo huo huo katika ule wa zamani. Ni sawa na mwizi aliyesimama akimtazama fundi anaziba ukuta wa nyumba moja, naye ajua kuwa nyumba ya pili ilijengwa na fundi yule yule kwa ramani ile ile, na haina wa kuiziba.

Sasa, ndani ya mashine zetu mna nini hata tukahofu? Mna majina ya wanachama wote na mashamba yao. Mna idadi ya miti ya kila mmoja, pishi alizoleta, na magunia yaliyopimwa. Mna mikopo ya uchumaji, nani amekopa kiasi gani kuwalipa wachumaji na amerejesha kiasi gani. Mna namba za simu ambazo kwazo watu hupelekewa fedha zao. Mali hii si ya Katibu wala si ya Kamati. Ni amana, na amana huulizwa. Wapo wanachama wetu, na khasa kina mama waliorithi mikarafuu kwa waume zao au wazee wao, ambao hawana ushahidi mwengine wa deni walilolipa ila ule mstari mmoja katika daftari letu. Ukipotea mstari huo katikati ya msimu, hapana wa kumwambia mama huyo maneno akaridhika, na wala hatuna haki ya kumtaka aridhike.

Tuwape nafasi sasa wale wanaosema tubaki, kwani wamo miongoni mwao watu wa busara na sababu zao si za kudharauliwa. Husema wahenga walinena kuwa ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Husema mashine inafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Husema fedha za Chama ni chache, na kompyuta moja mpya ni sawa na miche mingi na majamvi mengi. Husema karani amekwisha uzoea mfumo huu, na mkono uliozoea haukosei. Na wengine huongeza swali: sisi tuko kisiwani, hatuna benki wala hazina, ni nani huko duniani atakayehangaika kuja kutuibia?

Swali hili la mwisho tulijibu kwanza, kwa kuwa ndilo linalowatuliza wengi kwa utulivu usio wa kweli. Mwizi wa kompyuta hachagui nyumba kwa kuitazama utajiri wake. Hutuma programu yake izunguke ulimwengu mzima ikijaribu kila mlango, na palipo wazi ndipo huingia. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iliyojulikana kwa jina la WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa muda wa siku chache tu. Ilikuwa ikiyafunga majalada ya watu yasisomeke, kisha ikaandika katika kioo kudai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin ili yafunguliwe. Uingereza, katika England, taasisi za hospitali za umma 81 kati ya 236 ziliguswa na balaa lile, na maelfu ya wagonjwa wakaahirishiwa miadi yao. Hospitali zile nazo hazikuwa zimemkosea mtu. Zilikuwa na tundu wazi tu.

Na ndani ya kisa hicho limo funzo ambalo wengi huliruka. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimekwisha kutolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoshikwa katika hospitali zile zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa ingali inatunzwa. Viraka vilikuwapo, ila havikutiwa. Basi funzo ni mawili. La kwanza, mfumo usio na viraka ni khatari. La pili, hata mfumo mpya wenye viraka haufai kitu ikiwa mwenye nyumba havitii. Twalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kuwa tukishahama tutakaa tukilala.

Sababu ya fedha nayo ina haki yake, na jawabu yake ni kuzipima njia zilizopo, kwani zipo nne na bei zake hazilingani.

Njia ya kwanza ni kubaki kama tulivyo. Bei yake leo ni sifuri, na bei yake kesho haijulikani. Hii si njia ya bure, bali ni deni lisiloandikwa, na sisi watu wa mashamba twalijua deni la namna hiyo, kwani mti usiopaliliwa haudai fedha mwaka ule, hudai miaka inayofuata.

Njia ya pili ni kulipia viraka. Kwa watu wa majumbani kampuni iliweka njia nyepesi ya kuendelea kupata viraka vya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa taasisi ilitangaza bei ya dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, kisha bei hiyo hukunjwa mara mbili kila mwaka, na mwisho wake ni miaka mitatu. Mwenye kalamu na ahesabu: 61, na 122, na 244, jumla dola 427 kwa kompyuta moja. Kwa kompyuta zetu tatu ni dola 1,281, na baada ya hapo tungali na mashine zile zile na swali lile lile. Hii ni kodi ya kuahirisha. Inamfaa mwenye haja ya muda mfupi wa kujiandaa, lakini haimfai mwenye kutaka kutulia.

Njia ya tatu ni kuhamia Windows 11. Kwa mashine yenye sifa zinazotakiwa, kuhama huko kutoka Windows 10 hakuna malipo. Taabu ni hizo sifa. Yatakiwa kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwa uchache, na nafasi ya kuhifadhia ya gigabaiti 64. Yatakiwa kidude cha usalama kiitwacho TPM cha daraja la 2.0, na bongo la mashine ambalo kwa sehemu kubwa ni la matoleo ya kuanzia mwaka 2017 au 2018. Katika kompyuta zetu tatu, moja tu ndiyo yenye sifa hizi. Mbili zilizobaki ni nzima, zinaandika na kuchapisha vizuri, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa kwao. Tukifuata njia hii peke yake itabidi tutupe mashine mbili nzima na kununua mbili nyengine, na hapo wenye kulalamikia fedha watakuwa wamesema kweli.

Njia ya nne ni kuzitia zile mashine za zamani mfumo wa Linux. Jina hili huwatisha watu, na twaona ni kwa kutolijua tu. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki katika nchi ya Finland, naye akautoa watu wautumie, wautazame ndani yake na wautengeneze. Leo maelfu ya mafundi wa nchi mbalimbali huutunza. Kila mwenye simu ya Android katika mfuko wake anatembea na kiini cha Linux bila ya kujua. Yapo matoleo yake kadha wa kadha. Mojawapo ni Ubuntu, lililoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za huko lenye maana ya utu. Jengine ni Linux Mint, ambalo sura yake haiko mbali na ile aliyoizoea karani wetu. Matoleo haya hupatikana bila ya bei, na huenda vizuri katika mashine ambazo Windows 11 imezikataa.

Lakini hatutaki kuuza mbuzi ndani ya gunia. Linux nayo ina umri: toleo la Ubuntu la muda mrefu hutunzwa bure kwa miaka 5, kisha yapasa kuhamia jipya, ingawa kuhamia huko hakuna malipo. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haiendi katika Linux hivi hivi, na programu yetu ya hesabu ni ya namna hiyo. Si kila printa hukubali mara moja. Barua iliyopangwa kwa Microsoft Word, ikifunguliwa kwa LibreOffice, huweza kupinda jedwali lake hapa na pale. Na mafundi waijuao Linux kisiwani petu ni wachache kuliko wale wa Windows. Mambo haya yote ni ya kweli, na mwenye kuyaficha atakuwa anatupeleka baharini bila ya kutuambia khabari za upepo.

Tutazame waliotangulia. Mwaka 2003 baraza la mji wa Munich, Ujerumani, liliamua kuhamisha kompyuta zake kutoka Windows kwenda Linux. Kazi ilichukua miaka, na ilipofika mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehama. Hata hivyo mwaka 2017 baraza lilipiga kura kurudi Windows. Wapo wasemao sababu ilikuwa siasa, na wapo wasemao watumishi walichoka na taabu za programu zisizoelewana. Sisi hatuamui kati yao. Twachukua hili tu, kwamba kuhama kunakotegemea amri ya juu, bila ya watu wa chini kuridhika, huweza kurudi nyuma hata baada ya miaka kumi na zaidi.

Upande wa pili wako askari wa Gendarmerie wa Ufaransa. Hawa hawakuanza na mfumo. Mwaka 2005 walianza na vifaa vidogo, wakaweka OpenOffice mahali pa programu za kuandikia walizokuwa wakizinunua, wakafuatia na programu za kusomea mtandao na barua pepe, zote zikiwa zinakwenda ndani ya Windows ile ile waliyoizoea. Askari wakazoea. Ndipo mwaka 2008 walipoanza kubadilisha mfumo wenyewe kwenda Ubuntu, na kwa kuwa vyombo vya kazi vilikuwa ni vile vile walivyokwisha vishika, mtu aliona kuwa mlango tu ndio umepakwa rangi nyengine. Mpaka leo wamo humo, kwa makumi ya maelfu ya mashine. Huu kwa maoni yetu ndio mwendo wa mtu mwenye akili: zoesha mkono kwanza, kisha badilisha nyumba.

Basi rai yetu, ambayo mkutano unaweza kuikubali au kuikataa, ni hii. Tuhame, lakini tusihame sote kwa njia moja, wala tusihame kwa siku moja.

Kompyuta ile moja yenye sifa ihamie Windows 11. Hiyo ndiyo iwe ya hesabu na ya malipo, kwa sababu programu ya hesabu yaitaka Windows, na kwa sababu hapo ndipo pana fedha za watu na ndipo panapotakiwa ulinzi wa kila mwezi.

Kompyuta ya pili, ambayo ndiyo ya barua, ya kumbukumbu za mikutano na ya jarida hili, itiwe LibreOffice tangu sasa ndani ya mfumo wake wa zamani. Makarani waitumie kwa muda wa miezi mitatu. Wakishazoea, itiwe Linux Mint. Kabla ya kutiwa kwa kudumu ijaribiwe kwa kuiendesha kutoka katika kijiti cha fleshi, jambo linalowezekana bila ya kugusa kitu kilichomo ndani ya mashine, ili tuone kama printa yetu itasikilizana nayo. Isiposikilizana, tutajua bila ya khasara.

Kompyuta ya tatu, iliyo kongwe kuliko zote, yenye hesabu za miaka ya nyuma, iachwe na Windows 10 yake, lakini ikatwe kabisa katika mtandao. Waya wake utolewe, na hewa yake ya mtandao izimwe. Mashine isiyounganishwa na dunia haifikiwi na programu zinazozunguka dunia. Iwe kisiwa ndani ya kisiwa, ya kusomea mambo ya zamani tu. Sharti lake ni kwamba fleshi za watu zisichomekwe humo ovyo, kwani huo ndio mlango pekee utakaobaki, na maradhi mengi ya kompyuta husafiri kwa fleshi kama mchwa ndani ya gogo la khuni. Zile hesabu zikishachapishwa zote na kunakiliwa, mashine hiyo ipumzishwe.

Gharama ya mpango huu ni ujira wa fundi wa siku chache, na diski mbili za nje za kuhifadhia nakala. Hatuombi ada ya wanachama iongezwe, wala hatuombi kununua kompyuta hata moja mwaka huu. Twaomba ruhusa, na twaomba tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko fedha. Kazi hii ifanywe na imalizike kabla karafuu hazijaanza kutoka. Msimu ukishaingia, watu wamepanga foleni na mizani haitulii, hapo si wakati wa karani kujifunza kitufe kipya. Na jambo likikosa tarehe katika vyama vyetu, mwalijua linavyokuwa: huandikwa katika kumbukumbu za mkutano mwaka hadi mwaka mpaka wino ukafifia.

Yapo matatu ambayo hayatabadilika, hata mkutano ukiamua nini. La kwanza ni daftari la karatasi. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 wenzetu wa Unguja walikaa bila ya umeme kwa muda wa miezi mitatu. Kompyuta mpya na kongwe, zote siku hizo zilikuwa sawa. Kwa hiyo kila mzigo utaendelea kuandikwa kwa kalamu siku ile ile, na mwanachama atapewa kipande chake mkononi kama kawaida.

La pili ni nakala. Hesabu za Chama ziwe mahali patatu, na pamoja kati ya hapo pawe mbali na afisi, si chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo. Watu wa karafuu hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa kompyuta. Mwezi Aprili mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu mingi mno, na Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Lau mikarafuu yote ingekuwa upande mmoja, pengine leo tusingekuwa na chama cha kukiandikia jarida. Kilichobaki upande mmoja ndicho kilichookoa upande wa pili.

La tatu ni watu. Ujuzi wa mashine hizi usikae kwa mtu mmoja. Twapendekeza wafundishwe makarani wawili pamoja na mjumbe mmoja wa Kamati, na maneno ya siri yaandikwe, yatiwe ndani ya bahasha, yafungwe katika sanduku la Chama mbele ya Mwenyekiti na Mshika Fedha. Mtu huugua, mtu husafiri, na mtu hufariki. Chama chapaswa kuendelea.

Kuna neno tumelisikia kwa wazee wetu wengine, kwamba mambo haya ni ya vijana na vijana hupenda kipya kwa kuwa ni kipya. Twawaheshimu wazee wetu, nao ndio waliotufundisha kuwa mkarafuu mkongwe haukatwi siku ile unapopandwa mche. Mche hupandwa kando yake, na kwa miaka sita au minane hauzai kitu, huku ule mkongwe ukiendelea kulisha nyumba. Hilo ndilo tulitakalo hapa. Hatusemi kikatwe cha zamani leo. Twasema kipya kipandwe sasa, ili siku ya zamani kuanguka tusiwe mikono mitupu. Na ile methali ya kamba ni ya kweli, lakini yasemwa kuhusu kamba ambayo msokotaji wake yupo. Kamba yetu hii msokotaji ameiacha, na anayepanda nayo mkarafuuni ni mwanachama, si Kamati.

Akitokea mwanachama mwenye njia bora kuliko hii, na ailete mkutanoni, tutamsikiliza. Kama fundi atatuonesha kuwa printa imekataa, au kuwa programu ya hesabu haiendi sawasawa katika Windows 11, tutarudi kwenu kabla ya kuendelea. Lisilotufaa ni kuondoka mkutanoni tukiwa hatukuamua, kwa kudhani kuwa kutoamua ni salama. Kutoamua ni kuchagua ile njia ya kwanza, na deni lake hatulijui.

Matawi yanaombwa yalizungumze jambo hili kabla ya mkutano, na kila tawi lije na neno lake. Mwenye kutaka kuuliza na aje afisini asubuhi siku za kazi, ataoneshwa mashine, na ataoneshwa jina lake lilivyoandikwa ndani yake. Pengine hilo litamwambia zaidi kuliko karatasi hii.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama